Kimya Kilichokatwa

Kazi ya Mkasi ilikuwa kukata maneno ya watu. Jina hilo alipewa na Mtangazaji, mwenye podikasti iliyoitwa Mafundi Wanasema, na lilimganda mpaka hata mlinzi wa jengo hakujua kwamba binti huyu ana jina jingine. Kila wiki Mtangazaji alikaa na fundi mmoja wakaongea saa nzima na ushei, kisha mazungumzo yakamfikia Mkasi kwenye kompyuta yake. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Maana tuseme ukweli, saa nzima ya fundi bomba kueleza mabomba, nani ana subira hiyo? Watu wanasikiliza huku wakifua, na nguo zikiisha, fundi naye kaisha.

“Kipindi ni ng'ombe,” Mtangazaji alipenda kusema. “Hakitupwi kitu. Nyama, ngozi, kwato, kila kimoja kina mteja wake.”

Basi kutoka kwenye kipindi kimoja Mkasi alichonga video fupifupi zenye maandishi yanayotembea chini, picha zenye kauli moja ya kuuma, na makala ya kusomwa na wale wasiopenda kusikiliza. Vipande hivyo vilitumwa mitandaoni kwenda kutafuta watu na kuwaleta kwenye kipindi chenyewe. Sheria za kukata alizijua hata usingizini. Anza na neno zito kuliko yote, hata kama lilisemwa mwisho. Ondoa pumzi, ondoa kikohozi, ondoa “yaani” na “eeh”. Zaidi ya yote, ondoa kimya, kwa sababu mtu akisikia kimya kwenye simu anadhani mtandao umekatika, anasogea mbele kwenda kutazama paka anayecheza muziki.

Alikuwa hodari, huwezi kumnyima hilo. Kwenye kompyuta sauti ya mtu huonekana kama vilima, na pale aliponyamaza pana mstari mnyoofu. Mkasi akiona mstari, anakata. Hakuwahi kujiuliza ndani ya mstari mna nini.

Sasa, baba yake Mkasi alikuwa fundi wa makufuli. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, jirani na mshona viatu, na funguo zimening'inia mbele mpaka upepo ukipita zinalia. Aliweza kulifungua kabati la ofisi huku mwenye kabati bado anasimulia jinsi alivyopoteza ufunguo. Ila nyumbani kwake, kinyozi hajinyoi. Mlango wa mbele ulikuwa mkaidi miaka nenda miaka rudi: uingize ufunguo, uvute mlango kwako kwanza, uunyanyue kidogo, ndipo uzungushe. Mgeni angeweza kushinda nje na ufunguo wake mkononi. Mkasi aliomba utengenezwe mpaka akachoka kuomba.

“Mlango umezoea watu wake,” baba alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Katika nyumba hiyo waliishi wawili tu. Zamani walikuwa wanne. Kaka yake Mkasi alikuwa na pikipiki, na siku moja baba alimwambia asitoke nayo, breki hazishiki, asubiri kesho yake waiangalie pamoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema, lakini siku hiyo aliyelipa hakuwa yeye. Mama alikuwa amechelewa sokoni, akapanda nyuma. Kaka alirudi na michubuko. Mama hakurudi.

Walipotoka kuzika, baba alisimama mlangoni akamzuia mwanawe mbele ya watu wote. “Usikanyage tena hapa. Na huo ufunguo ulio nao katupe chooni, kesho nabadilisha kitasa.” Mkasi wakati huo alikuwa bado mwanafunzi, shangazi alimchukua akakae kwake mpaka shule zifunguliwe. Aliporudi, picha ya kaka haikuwapo ukutani na jina lake halikutajwa tena. Ukilitaja, baba anainuka anaondoka. Afadhali angefoka. Mtu anayefoka unajua utamkuta wapi.

Ndiyo hali iliyokuwapo pale Mtangazaji alipoishiwa mafundi. Seremala kasafiri, mwashi kapoteza sauti, na kipindi kinasubiriwa. “Baba yako si fundi?” aliuliza. Mkasi akalipeleka ombi nyumbani bila matumaini, na baba, kwa mshangao wake, hakukataa moja kwa moja.

“Watanisikia watu wangapi?” aliuliza.

“Mwanzoni wengi kidogo, baba. Mwisho hakuna anayefika.”

Alisema kwa utani, lakini baba aliishika kauli ile na kuiweka mfukoni pamoja na funguo zake.

Siku ya kurekodi alivaa shati la kola. Mkasi alikaa upande wa pili wa kioo, kwenye mitambo. Mzee alianza kwa ugumu, majibu ya neno moja moja, kisha akazungumzia makufuli ya zamani yasiyotaka haraka, akacheka, akamchekesha Mtangazaji. Saa ikaenda. Walipokuwa ukingoni, Mtangazaji, ambaye hakujua alichokuwa anakanyaga, aliuliza swali lake la kila siku la kufungia: je, upo mlango fundi alioufunga mwenyewe akashindwa kuufungua?

Mzee akatazama meza. Halafu akasimulia yote: breki, soko, mazishi, mlangoni. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza kufuli la mteja. Nyuma ya kioo Mkasi aliacha mitambo akasikiliza. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia baba akisema “mwanangu wa kiume”.

“Leo hii akibisha hodi,” Mtangazaji akauliza kwa upole, “utamfungulia?”

Mzee akanyamaza. Alinyamaza mpaka Mtangazaji akasogeza kiti, mpaka akakohoa, mpaka akafungua mdomo aende kwenye swali jingine.

“Nitamfungulia,” mzee akasema. Kisha akapangusa meza isiyokuwa na vumbi. “Lakini kumwambia karibu, hapo sijafika. Sijui kama nitafika. Mikono hii inafungua chochote. Mdomo ndio haufunguki.”

Walipotoka nje alimuuliza bintiye, “Hapo mwisho hapafiki mtu, si ndiyo?”

“Hapafiki, baba.”

Asubuhi iliyofuata Mkasi alifungua kazi yake. Mstari wa kimya ulikuwa mrefu kuliko wowote aliowahi kuuona; ulivuka kioo kizima cha kompyuta. Akaukata. Kisha akakata na yale yaliyofuata neno “nitamfungulia”, kwa kuwa kipande kizuri huishia juu, hakiteremki. Ukimuuliza atakwambia hizo ni sheria za kazi, na nusu ya jibu hilo ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba alikuwa amelisubiri neno lile tangu akiwa na sare ya shule, na lilipotoka alilitaka likiwa zima, bila “lakini”. Akalicheza mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Utamfungulia? Nitamfungulia. Utamfungulia? Nitamfungulia. Akalia kidogo, akafuta machozi, akakituma.

Kipande kile kilikwenda kama moto wa nyasi kavu. Hadi mchana Mtangazaji alikuwa anazunguka ofisini na simu juu ya kichwa. Watu waliandika kwamba wamelia ndani ya basi, kwamba wamewapigia baba zao, kwamba huyu fundi apewe nishani. Waliojiunga na kipindi siku hiyo moja walizidi wa mwaka mzima. Hata jamaa mmoja asiyekosa kutukana kila wiki, siku hiyo aliandika tu, “Leo sina neno.”

Kazi ya kujibu ujumbe nayo ilikuwa ya Mkasi. Jioni kabla hajafunga akakutana na ujumbe mmoja usio na picha wala jina la maana.

“Huyo fundi ni baba yangu. Nimeitazama mpaka chaji ikaisha, nikachaji nikatazama tena. Hata hakufikiri, kajibu hapo hapo. Jumamosi nakuja nyumbani.”

Mkasi aliusoma tena. Alikuwa ameota siku ya kumsikia kaka, na siku imefika, na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa hofu. Kaka anakuja juu ya ahadi ambayo baba hakuitoa. Aliishona yeye, kwa mkono wake, kwa kuchukua swali na neno na kutupa kila kilichokuwa katikati na baada. Atakuja, atabisha, atakaa nje akisubiri kujibiwa hapo hapo, naye baba hana cha hapo hapo. Safari hii akifukuzwa, hatarudi tena maisha.

Mtangazaji naye alikuwa ameuona ujumbe. Sanduku la ujumbe lilikuwa la wote wawili. “Mkasi!” alikuja mbio. “Jumamosi tuko mlangoni! Mzee anafungua, kijana anaanguka miguuni, wewe mwenyewe unalia pembeni. Tutakula kipande hicho mwaka mzima!”

“Ni baba yangu yule,” Mkasi akasema. “Na ni kaka yangu.”

“Ndiyo maana kuingia itakuwa rahisi.”

“Hakusema vile. Unajua hakusema vile, ulikuwapo.”

Mtangazaji akashusha simu. “Mimi niliuliza tu,” alisema. “Aliyekata ni wewe.”

Hapo hapakuwa na uongo. Mkasi akakifuta kipande kwenye ukurasa wa kipindi, Mtangazaji akipiga kelele nyuma yake kana kwamba anaibiwa. Kazi bure. Watu walikwishakinakili na kukitupa huku na huku, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nyumbani alimkuta baba amekaa bila kuvua viatu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mshona viatu kanionyesha simu yake,” mzee akasema. “Wateja walikuja kunishika mkono. Mama mmoja kanikumbatia, simjui. Hebu nionyeshe na wewe.”

Akamwonyesha. Mzee alijitazama akijibu, akairudisha simu mezani polepole.

“Huyu si mimi.”

“Ni wewe, baba.”

“Mimi sikujibu haraka hivyo. Nilikaa. Uliniona nimekaa. Kule kukaa ndiko kulikokuwa jibu langu, neno nililisema kwa sababu yule bwana alinitolea macho.” Alikuwa hafoki. “Umetupa jibu, umebakiza neno. Na ukaniambia hapafiki mtu.”

Mkasi alitaka kuomba radhi akaona radhi peke yake haitoshi, kuna kubwa zaidi. “Baba, kaka kakiona. Anakuja Jumamosi.”

Mzee akainuka, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa siku za salamu tu. Shikamoo, marahaba, basi. Mkasi alitafuta sehemu ile ya mwisho kwenye rekodi halisi, akaitoa nzima: swali, kimya chote, kikohozi cha Mtangazaji, neno, na yale ya baada ya neno. Akamtumia kaka. Chini yake akaandika: “Ni mimi, mdogo wako. Kile nilikikata vibaya. Sikiliza hiki kabla hujafunga safari.” Alama zikaonyesha kwamba amefungua. Jibu halikuja. Akajilaumu upya: kumbe sasa ndiyo amemfukuza kwa mkono wake mwenyewe, kabla hata ya baba.

Ijumaa jioni baba alirudi na sanduku lake la vifaa. Jambo hilo halikuwa kawaida. Sanduku lililala kibandani siku zote. Alipiga magoti mbele ya mlango wa nyumba, akatoa bisibisi, akaanza kufungua kitasa. Mkasi alisimama koridoni akisikia skrubu zikianguka kwenye kisosi moja moja. Kesho nabadilisha kitasa. Maneno yale ya siku ya mazishi yalimrudia yote. Akaogopa kuuliza, akaenda kulala bila kula, na majuto, yule mjukuu asiyekosa njia, akalala naye kitanda kimoja.

Jumamosi mchana Mtangazaji alifika kweli, na taa yake ya miguu mitatu na simu mbili. Mkasi alimkuta kwenye kona, kabla hajaifikia nyumba.

“Hupiti,” alisema.

“Mkasi, watu wengi mno wanasubiri kuona mwisho wa jambo hili.”

“Wasubiri. Mimi nimesubiri miaka na sikufa.”

“Nikirudi mikono mitupu, Jumatatu usije kazini.”

“Sawa.”

Mtangazaji alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, alikunja miguu ya taa mmoja mmoja, kwa makelele, kama mtu anayetaka majirani wajue kwamba kaonewa, akaondoka. Mkasi alingoja mpaka apotee.

Aliporudi ndani, baba alikuwa ameweka kiti sebuleni kuelekea mlango, na sanduku la vifaa miguuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Alipopita, Mkasi alimwona akiinuka, akazungusha kitasa mara ya mwisho, akachomoa ufunguo wa ndani na kuutia kwenye mfuko wa shati. Basi, akasema moyoni. Kafunga na ufunguo kauficha. Akakaa kwenye kochi kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Wakasubiri. Watoto wa jirani walipita wakipiga mpira, mpira ukagonga ukuta, wote wawili wakashtuka, na hakuna aliyecheka. Kisha pakasikika nyayo, zikafika kizingitini, zikasimama.

“Hodi.”

Sauti ilikuwa nzito kuliko ile aliyoikumbuka. Mkasi aliruka kutoka kwenye kochi.

“Kaa,” baba akasema bila kumtazama.

Akakaa. Mzee hakuitika. Kimya kikaingia, kikatanda, na Mkasi akakiona kichwani kama anavyokiona siku zote, mstari mnyoofu unaovuka kioo na bado unaendelea. Vidole vyake viliwasha. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia akate, aseme neno, aitikie karibu badala ya baba, afungue dirisha, afanye lolote. Safari hii aliketi juu ya mikono yake, akakiacha kimya kiende kinakokwenda.

“Hodi, baba,” sauti ikarudia. Halafu, chini zaidi: “Nilisikiliza mpaka mwisho. Najua hujafika. Nimekuja hivyo hivyo.”

Mzee akagusa ufunguo ulio mfukoni mwake.

“Ule ufunguo,” baba akasema kwa sauti ya kupita mlangoni, “ulitupa?”

Sasa ikawa zamu ya nje kunyamaza.

“Sikutupa.”

“Sasa unabisha nini?”

Pakasikika kuhangaika, mkono mfukoni, kitu kikianguka, kikiokotwa. Ufunguo ukaingia. Ukakwaruza, ukakwama. Ukajaribiwa tena, kwa nguvu, ukakwama tena. Mkasi alifumba macho. Kabadilisha, alifikiri. Kambadilishia kitasa na sasa anamwacha aone mwenyewe. Machozi yalimtoka kwa hasira, akamchukia baba yake kwa mara ya kwanza maishani.

Mzee akainama mbele kwenye kiti.

“Taratibu, utauvunja,” alisema, kwa ile sauti ya kibandani ya kumwelekeza mteja. “Nimeutia mafuta, lakini tabia yake ni ile ile. Uvute kwako kwanza. Haya, unyanyue. Umesahau mlango wa kwenu?”

Mlango ukavutwa, ukanyanyuliwa, na ufunguo wa zamani ukazunguka.

Karibu hakuisema. Hakuisema siku hiyo, na siku zilizofuata pia hakuisema; alivyosema kwenye kipindi ndivyo ilivyokuwa. Kaka mtu alisimama kizingitini, mvi zimeanza kumwingia, ufunguo bado mkononi, hajui aweke wapi mguu. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasogeza sanduku la vifaa kwa mguu wake, likapisha njia.

“Weka maji ya chai,” alimwambia Mkasi. “Vikombe vitatu.”